Mwalimu, ni yeo?

Langoni, Lamu
Jumatano usiku

Shoga yangu Mama Nuru,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa, na umeme umepotea tangu magharibi, basi nakuandikia kwa tochi ya simu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Watoto 38 wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mmoja anauma wenzake, na sauti imekukauka wiki ya pili tu! Pole. Nilicheka kidogo, unisamehe, niliiona sura yako.

Unaniuliza wangu nimewatuliza vipi. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika ukutani karatasi la sheria: usikimbie, usisukume, usipige kelele, usi-usi mpaka chini. Mtoto wa miaka minne kusoma hajui, na hata ukimsomea, "usikimbie" haimwambii miguu aifanye nini. Siku hizi nawaambia tunatembea kama tumebeba sinia la mahamri. Natembea mimi kwanza, wananicheka, kisha wanatembea wao. Foleni ya uji tuliifanyia mazoezi siku nne kwa vikombe vitupu. Vitupu kabisa, mpishi akadhani nimerukwa na akili. Siku ya tano uji wa moto ulipokuja, kila mmoja alishajua pake pa kusimama.

Na ule mchezo wetu wa nyama nyama nyama usiuache. Ng'ombe? "Nyama!" Mbuzi? "Nyama!" Punda? Hapo ndipo penye kazi, maana mdomo umeshafunguka na inabidi mtoto aufunge mwenyewe. Huku kwetu wote punda wanamjua, tena wengine wamekuja shule juu yake, lakini wiki ya kwanza darasa zima lilimla. Sasa wanabaki wawili watatu. (Juzi nikataja pweza, pakazuka ugomvi kama pweza ni nyama ama ni kitoweo. Nikaacha.)

Huyo wako anayeuma, mchunguze anauma saa ngapi. Aghalabu ni wakati wa kubanana, ama amenyang'anywa kitu na neno hana. Mpe neno: "nipishe," "changu hicho." Mrudierudie akiwa ametulia, na saa ya kubanana ukae karibu naye. Bibi mmoja wa hapa aliniambia, "Mtandike tu mwalimu, bora usimtoboe jicho." Nikamwambia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza fimbo. Akanitazama kwa huruma.

Lakini lililonifanya nikae niandike ni jingine, nalo ni aibu yangu mwenyewe. Muhula uliopita niliwaahidi: wiki nzima mkipanga foleni vizuri, Alhamisi kila mtu ubuyu. Wakapanga, mashaallah. Kila asubuhi kuna kijana mmoja mdogo hunivuta buibui: "Mwalimu, ni yeo?" Yaani, ni leo? Namwambia bado. Alhamisi ikafika, mfukoni sina kitu, mshahara umechelewa, nikasema tutaona wiki ijayo. Hakuna aliyelia. Jumatatu foleni ikavunjika kama haikuwahi kuwapo, watu wanapandana vichwani, uji umemwagika jamvini. Nikapandisha sauti, nikawaita watundu. Yule kijana hakuniuliza tena chochote, na hilo ndilo lililoniuma.

Baadaye nikasoma jambo likanikalisha kitako. Unakumbuka ule utafiti wa Walter Mischel wa Stanford, Marekani, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960? Mtoto anawekewa kitu kitamu mbele yake, anaambiwa ukinisubiri nirudi utapata viwili. Sasa yuko mtafiti mwingine, Celeste Kidd, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, huko huko Marekani. Utafiti wake ulichapishwa 2013, na watoto walikuwa 28 tu. Kabla ya hicho kitamu, waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, havipo. Ndipo wakawekewa kitamu. Walioletewa walisubiri kama dakika 12 kwa wastani, waliodanganywa kama dakika 3. Shoga, niliona haya peke yangu chumbani. Wale wangu walikuwa na akili timamu: kwa nini umsubiri mtu ambaye Alhamisi yake haifiki?

Tena mwaka 2018 watafiti wengine waliurudia ule wa Mischel kwa watoto wengi zaidi. Ukishahesabu hali ya nyumbani, ule utabiri kwamba anayesubiri leo ndiye atakayefaulu kesho unapungua sana. Nawafikiria wanangu wanaokuja bila ya chai. Huyo umwambie asubiri, asubiri nini?

Nikaanza upya na ahadi ndogondogo ninazoziweza: tukimaliza wimbo tunatoka nje. Na tunatoka, hata jua likiwaka. Ilichukua karibu mwezi. Wiki iliyopita uji ulichelewa, nikamtazama yule kijana wangu. Amekalia viganja vyake viwili, magoti yanatetemeka, macho ameyapeleka darini anahesabu boriti, na wimbo wa herufi anajiimbia kwa puani. Mimi sikumfundisha hayo. Hao wa Mischel waliofaulu kusubiri nao walifanya vivyo hivyo, wengine wakijiziba macho, wengine wakijiimbia.

Basi nikaahidi ubuyu tena, safari hii nikiwa nimeshaununua. Uko hapa mezani, mafungu 31 kwenye karatasi za daftari, vidole vyangu vyekundu kama nimepaka hina. Kesho ni Alhamisi. Leo asubuhi buibui langu limevutwa.

Niandikie habari ya huyo wa meno, na unisalimie watoto na mama.

Shoga yako wa Langoni