Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miti na Uzio wa Vihamba Vyetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, wazee wetu na wanachama wote, nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliopanda kutoka vigango vya chini wakati huu wa kuchuma kahawa.

Kazi iliyotuchukua nguvu zaidi mwaka huu ni ya chemchemi inayolisha mfongo wetu, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Mikaratusi iliyokuwa ikinyonya maji pale imeondolewa kwa kibali, na mahali pake tumepanda misesewe na mikuyu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, kwa hiyo hakuna atakayelima wala kufunga ng'ombe hapo, hata kama kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kinapakana. Akina mama wanaopika mbege, pombe yetu ya ndizi, nawaomba wavumilie. Najua gome la msesewe linahitajika kwa pombe hiyo, lakini mti mchanga ukibanduliwa gome pande zote unakauka.

Miche ya miti ya mringaringa na mruka iliyogawiwa masika imeshika vizuri huku juu. Vigango vya chini vimepoteza mingi, na si jua peke yake. Tulipokagua Agosti, tuling'oa mche uliokauka kwenye kihamba kimoja tukakuta kiriba kizima, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, bado kiko chini, na mizizi imejizungusha ndani yake kama kamba. Mti wa namna hiyo hauna pa kwenda, hata ukimwagiwa maji kila jioni. Chaneni kiriba, kiondoeni, nyoosheni mizizi, shindilieni udongo, kisha wekeni matandazo ya majani ya migomba bila kugusa shina. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, wanaopanda miti shuleni nao wafundishwe hivyo.

Kuhusu uzio, nasema kwa uchungu. Kila mwaka masale, ile mimea ya mipaka ya vihamba, yanang'olewa ili kujenga ukuta wa tofali au kuvuta waya wa miba. Isale ndilo mpaka wetu, na ndilo tunalolibeba tunapokwenda kuombana msamaha. Halinunuliwi: unakata kipande, unachomeka, kinaota. Kamati inapendekeza mpaka ubaki na masale, na kwa ndani tupande mstari wa kaliandra, mti wa malisho, nusu mita mche hadi mche. Baada ya mwaka mmoja hivi unaanza kuikata, ukiacha shina la kama mita moja, nayo inachipua tena. Kilo 3 za majani yake mabichi zinakaribia kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na vijiti vinabaki kuwa kuni.

Suala la kuni lina uzito wake. Ukanda wa Nusu Maili, ule ulio pembezoni mwa msitu wa Mlima Kilimanjaro, ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wa mlimani wapate mahitaji yao, lakini msitu wa juu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na mama anayekwenda huko na panga siku hizi anakwenda kwa hofu. Kuni zetu inabidi ziote kihambani. Ndiyo maana nimeipa kaliandra nafasi kubwa kuliko miti ya mbao, ingawa najua wengi mngependa mbao.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba viriba na samadi vimelipiwa, na hatudaiwi na mtu.

Kitalu kitaanza kusiwa mbegu Novemba. Mbegu za kaliandra ziloweshwe siku mbili kwenye maji baridi kabla ya kusiwa. Miche itagawiwa masika ikishakolea, si mvua ya kwanza. Kila jumuiya ilete kwa katibu, kabla ya Jumatano ya Majivu, orodha ya kaya zinazohitaji miche pamoja na jina la mtu mmoja atakayeikagua kiangazi chote. Jumuiya isiyo na mkaguzi itasubiri mwaka unaofuata.