Taa ya baba irudi

Shikamoo mama. Hela ya bati nimetuma jana, Sadiki aende kuitoa. Mimi mzima, baridi tu na kazi ya kiwandani, tuyaache hayo.

Ninachoandikia hasa ni taa ya baba. Nasikia Rama kaiuza kwa watu wa skrepa! Mama ile taa, ile aliyokuwa anaipungia treni ya Kigoma usiku na sisi tumekaa kwenye benchi stesheni tunamsubiri amalize zamu, leo imepimwa kilo kama sufuria bovu. Siku ya pili hii silali.

Hapa Dodge City, huku Kansas Marekani, stesheni yao naipita kila siku. Tabora yetu ilikuwa mji hata kabla treni haijafika 1912, lakini hawa bila reli wasingekuwepo, ilifika 1872 na mji ukaanza nayo. Wakapakia ngozi za baisoni, wale kama nyati wenye manyoya, wakawamaliza kwa miaka michache tu, hadi mifupa watu wakaiokota porini ikapanda treni kwenda kusagwa mbolea. Halafu wakaja ng'ombe, wanaswagwa kwa miguu kutoka Texas mpaka hapa kwenye behewa, na mpaka leo mji unakula kwa ng'ombe, mimi mwenyewe shahidi.

Jengo lenyewe la matofali, la 1898, lilikuwa na hoteli ya Fred Harvey, yule wa mahoteli ya kwenye reli, humo humo, ikafungwa 1948. Wangeweza kulibomoa mama. Wamelikarabati, sasa ndani wanaigiza tamthilia. Na nje kuna saa mbili za jua zimelazwa chini, moja ya majira ya huku, nyingine ya upande wa milimani, zimepishana saa moja, maana hapa ndipo reli ilipobadilisha saa. Hakuna aliyezipima kilo.

Kwenye hela ya bati nimeongeza elfu sitini, hiyo ya taa. Rama aende kwa yule yule aliyemuuzia, na shangazi Zuhura afuatane naye, akizungushwa anipigie niongee na huyo mtu. Kioo kikiwa kimevunjika ichukueni hivyo hivyo.

Treni ya kwenda Chicago inapita hapa kama saa sita na nusu usiku, kwenu saa mbili na nusu asubuhi. Honi huwa naisikia nikiwa kitandani. Nipigieni hapo, nitakuwa macho.

Mwanao