Barua kwa mwanangu: Queen wasikilize wakiwa jukwaani

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako na bibi wanakusalimu, wote wazima.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nakung'ang'aniza rekodi za maonyesho ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ilhali nyimbo zilezile zipo kwenye albamu, safi, bila makelele ya watu. La pili, bendi yenu ya chuo inataka kupiga nyimbo zao tatu nne kwenye sherehe na hamjui muanzie wapi. Yote mawili yana jibu moja. Studioni Queen walirundika sauti safu juu ya safu, hata watu wanne wasingeweza kuzipiga nyimbo hizo jinsi zilivyo. Walipopanda jukwaani ilibidi wazivunje na kuzijenga upya kwa mikono minane na koo za watazamaji. Nanyi mko wanne, basi mwalimu wenu ni onyesho.

Chukua Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975. Ilirekodiwa kwenye kanda ya njia 24, na sauti za Freddie Mercury mwimbaji, Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga dramsi zikarudiwa na kuunganishwa mara nyingi mno, kanda ikapita kwenye mashine hadi ikaanza kuchakaa. Ile sehemu ya opera, yenye "Bismillah" ambayo masikio yetu huinasa mara moja, haikuwa na namna ya kuimbwa na watu watatu jukwaani. Hawakujifanya. Walitoka wote, kanda ikachezwa, taa zikafanya kazi yake, kisha wakarudi kwa kishindo na moshi kwenye sehemu ya roki. Nyinyi msijaribu hilo. Kanda ikiwa imepanda au kushuka hata kidogo kuliko gitaa lenu, mkirudi mtasikika mko nje ya sauti mbele ya watu wote, na mpiga dramsi akichelewa kuingia hakuna cha kumwokoa. Fanyeni walivyofanya kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley jijini London, tarehe 13 Julai 1985: sehemu ya piano, solo ya gitaa, basi. Hapo hapo wakaingia wimbo wa Radio Ga Ga. Walipewa kama dakika 20 tu, wakazifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa Shaw Theatre jijini London huku saa ikiwatazama, na wakabana nyimbo sita humo. Nanyi wekeni saa mezani. Bendi nyingi changa huharibikiwa kati ya wimbo na wimbo, pale mtu anapotafuta waya na mwingine anakaza nyuzi, watazamaji wakaanza kupiga soga.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni Love of My Life, na hapa ndipo utaona tofauti ya studio na jukwaa. Kwenye albamu ya 1975 una piano, kinubi na kwaya nzima ya sauti za Freddie, uko kwenye ufunguo wa F. Jukwaani Brian May aliuhamishia kwenye gitaa la nyuzi 12, ukashushwa hadi D, akabaki yeye na Freddie peke yao. Urembo wote ukaondoka, ikabaki melodia. Na melodia ilipobaki uchi, watu waliweza kuishika. Kwenye rekodi za mwaka 1979 utasikia Freddie akinyamaza na umati ukiendelea bila kusukumwa. Amerika ya Kusini ulipendwa kupita kiasi: kwenye tamasha la Rock in Rio, Brazil, Januari 1985, watu waliimba kwa Kiingereza wimbo mzima, yeye akawa kama kiongozi wa kwaya tu.

Ukitaka kuupiga, sikiliza kwa makini. Gitaa la nyuzi 12 lina uzi mmoja msumbufu, ule mwembamba unaoambatana na G. Ndio unaokatika kwanza, kwa sababu ni mwembamba mno na unavutwa juu sana. Legeza nyuzi zote zishuke kwa toni moja, kisha funga kapo, kile kibano cha shingoni, kwenye kibao cha pili. Sauti itakuwa ileile ya D, mvuto utapungua, na shingo ya gitaa haitapinda kwa joto la huko pwani. Nunua nyuzi za akiba, na baada ya kuzibadilisha zivute kwa vidole na kuzikaza tena mara kadhaa siku moja kabla, la sivyo zitalegea katikati ya ubeti. Kama hamna nyuzi 12, gitaa la kawaida linatosha; piga kwa vidole, usichape. Mwimbaji awaachie watu mstari mmoja tu kwanza. Wakiuchukua, awape wa pili. Akinyamaza ubeti mzima mbele ya watu wasiojua maneno, mtabaki na gitaa na aibu.

Sasa We Will Rock You. Mwaka 1977, ukumbi wa Bingley Hall mjini Stafford, Queen walimaliza kupiga lakini watu hawakuondoka, wakaendelea kuwaimbia wao wimbo wa mashabiki wa mpira. Kutokana na usiku ule Brian akaandika wimbo ambao mtu asiye na ala yoyote anaweza kuupiga, na Freddie akaandika We Are the Champions. Mdundo unaujua: mguu, mguu, kofi, kimya. Miguu miwili ni nusu pigo kila mmoja, kofi ni nusu pigo, kisha nusu pigo la kimya. Kasi yake ni kama mapigo 81 kwa dakika.

Hilo kimya ndilo roho ya wimbo, nami nitakueleza kwa hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 100 kutoka jukwaani husikia mdundo ukiwa umechelewa kwa karibu sekunde 0.3. Anapiga kofi lake, nalo linarudi jukwaani likiwa limechelewa tena 0.3. Jumla sekunde 0.6, na kutoka kofi hadi mguu unaofuata ni pigo moja, kama sekunde 0.74. Kumbe kofi la nyuma linaangukia ndani ya kimya, ambako halimuumizi mtu. Ungekuwa mdundo uliojaa, uwanja wote ungekuwa vurugu. Brian alikuwa mwanafunzi wa fizikia, baadaye akapata shahada ya uzamivu Imperial College mwaka 2007, na hata studioni alipanga marudio ya makofi kwa nafasi zisizolingana ili watu wachache wasikike kama umati bila kusikika kama mwangwi.

Ukumbi wenu hauzidi mita 30 kwa urefu, kuchelewa kwenu ni kudogo. Adui wenu ni haraka. Watu wakifurahi huongeza mwendo, na mpiga dramsi mchanga huwafuata. Mwambieni aangalie mguu wake, asiangalie mikono ya watu. Na gitaa lisiingie mapema: kwenye wimbo huu linakaa kimya karibu muda wote, linakuja mwishoni, na nguvu yake inatoka kwenye kule kusubiri. Kuna pia toleo la haraka, lenye gitaa na dramsi tangu mwanzo, ambalo walilitumia kufungulia maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni zuri sana la kuamshia ukumbi, ila msipige yote mawili usiku mmoja kama muda ni mfupi.

Radio Ga Ga, ya Roger Taylor, inataka kitu kimoja tu kutoka kwa watu: makofi mawili juu ya kichwa kwenye kiitikio. Watu waliyaona kwenye video ya 1984 wakaja nayo wenyewe uwanjani. Mtu mmoja wa bendi asiyeshika ala wakati huo aonyeshe kwa mikono iliyonyooka, la sivyo walio nyuma hawataona.

Kuhusu gitaa la Brian, najua vijana wa bendi yenu wanataka sauti ile na wanadhani inanunuliwa dukani. Alilitengeneza na baba yake, Harold, kuanzia 1963, likawachukua kama miaka miwili. Shingo ilichongwa kutoka mbao ya zamani ya kuzungushia meko ya nyumbani, na springi za mkono wa kutetemesha zilitoka kwenye valvu za pikipiki. Anapiga kwa sarafu ya peni sita ya Uingereza badala ya plastiki, na zile meno za ukingoni ndizo zinazotoa mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti. Nyuma yake kuna amplifaya za Vox AC30 zilizofunguliwa hadi mwisho, na kidude cha kuongeza sauti za juu kabla ya amplifaya. Ukali wote anaudhibiti kwa kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe. Hilo mnaweza kuliiga bila gharama: fungueni amplifaya kuliko mlivyozoea, mshushe kitufe cha gitaa hadi 6 au 7 wakati wa beti, na mfungue chote kwenye solo. Kosa la kawaida ni kurundika ukali kwenye pedali hadi kodi zote, yaani noti zinazopigwa pamoja, zinakuwa uji. Sarafu yetu pia itafanya kazi, ila inakula nyuzi haraka, basi itumie siku ya onyesho tu.

Sikiliza pia Brighton Rock kwenye Live Killers, albamu yao ya maonyesho ya 1979. Brian anapiga noti, mwangwi wa kwanza unarudi baada ya chini kidogo ya sekunde, kisha wa pili, kila mmoja kwenye amplifaya yake. Anajipigia mwenyewe gitaa tatu. Akikosea noti moja, kosa linarudi mara mbili. Huu nakuachia usikilize tu, msiupige bado.

Rahisi kwenu ni Crazy Little Thing Called Love. Freddie mwenyewe alishika gitaa kwenye wimbo huu, naye hakuwa mpiga gitaa. Ubeti ni D, G na C, na unafungwa kwa B bemoli, C, D. Besi ndiyo inayotembea, hivyo kijana wa besi afanye mazoezi kuliko wote. John Deacon, mpiga besi wa Queen, hakuwa mtu wa kurukaruka, ila ondoa besi yake uone nyimbo hizi zitakavyolala.

Mwimbaji wenu mlinde. Freddie alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na maonyesho mengi hakufuata melodia ya albamu hadi juu. We Are the Champions utamsikia akishuka pale albamu inapopanda, na Roger akichukua sauti ya juu nyuma ya dramsi. Wanaomlaumu kwa hilo hawajui kazi ya kuimba saa mbili usiku baada ya usiku. Msikilize anavyochagua wapi apande. Anapopanda kweli, mwili unasisimka. Mwimbaji wenu naye apange noti mbili tatu za kupigania, zilizobaki apite chini.

Kisha kuna yale maitikio yake, anatupa sauti isiyo na maneno na umati unairudisha. Sidai kwamba aliyatoa Unguja. Alizaliwa Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi; akasomeshwa bweni India tangu mdogo, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ila aliyekulia kwenye ngoma za kuongoza na kuitikia anaelewa mara moja anachokifanya: anaanza kifupi na chini, anarefusha kidogo kidogo, na akiwapa kisichowezekana anawacheka na kurudi kwenye chepesi. Mwimbaji wenu afuate ngazi hiyohiyo.

Kwa mpangilio wa kusikiliza, anza na onyesho la ukumbi wa Rainbow, London, 1974, ujue walivyokuwa wakali kabla ya umaarufu. Kisha ukumbi wa Hammersmith Odeon, London pia, mkesha wa Krismasi 1975. Live Killers baada ya hapo, ingawa mchanganyo wake wa sauti ni mkavu. Halafu onyesho la Montreal, Kanada, Novemba 1981, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote: bado ni wanne tu, bila mpiga kinanda wa ziada, na kila ala unaisikia ilipo. Wembley, Julai 1986, iache mwisho; ni kubwa, ina shangwe, na kinanda cha Spike Edney, mpiga kinanda wa ziada, kinajaza mapengo ambayo nyinyi mnatakiwa kujifunza kuyaacha wazi. Albamu ya Live Magic ya 1986 iruke, nyimbo zimekatwakatwa, hata ile opera imeondolewa. Vipakue kwenye waifai ya chuo usimalize bando, na usisikilizie spika ya simu, maana besi yote inapotea na besi ndiyo utakayojifunza.

Nirekodie mazoezi yenu ya kwanza hata kwa simu, simu ikae mita tatu nne mbele ya bendi, isiwe juu ya amplifaya. Na uniambie mwimbaji anafika noti gani bila kukaza shingo, nikupangie Love of My Life ishuke hadi wapi.

Mama yako