Waratibu wa michezo kazini nao wakumbukwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie waratibu wa michezo mahali pa kazi. Kila mashindano ya Mei Mosi, SHIMIWI (ya wizara na idara za serikali) au SHIMMUTA (ya mashirika ya umma na kampuni binafsi) yanapomalizika, tunasoma habari za mabingwa na mgeni rasmi. Aliyepiga chokaa uwanjani alfajiri, akafuatilia ruhusa za wachezaji na kuazima kamba ya kuvutana, hatajwi. Kiwandani kwetu alikuwapo mzee aliyeifanya kazi hiyo mpaka akastaafu, na jioni aliwanoa watoto wa mtaani kwa filimbi ileile. Siku ya kumuaga, michezo haikuguswa kabisa.

Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa, mshindi wa New York Marathon ya 1989, walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Vipaji hukua pale mwajiri anapotoa muda wa mazoezi na mtu wa kuyasimamia.

Napendekeza Baraza la Michezo la Taifa litenge tuzo kwa waratibu hawa. Waajiri nao wawaite wastaafu wawafundishe vijana wanaowarithi, angalau kwa posho ya nauli.

Msomaji wako,
Morogoro