Bajeti ya kaunti na wenzetu wanaolala nje

Habari zenu wapendwa. Makadirio ya bajeti ya Kaunti ya Nairobi yanafaa kufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30 kupita, kwa hivyo barua yetu ya maoni kuhusu makao ya wanaolala nje iwe tayari wawakilishi wadi wakianza kuyapitia.

Tusichanganye mambo, tafadhali. Ile asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara, na mwajiri akaongeza nyingine kama hiyo, inaenda kwa hazina ya kitaifa ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024. Haigharamii kitanda cha usiku wa leo. Mama niliyeongea naye Muthurwa analaza watoto wawili juu ya katoni, vitabu vyao vya shule amevifunga kwa karatasi ya nailoni visilowe. Atoe wapi akiba ya kuweka Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo? Huyo anahitaji makao ya muda, na hapo ndipo naona kaunti lazima itenge pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya makao, hakikubagua mtu.

Tukutane Jumamosi saa nane, pale pa kawaida. Mwenye nakala ya bajeti ya mwaka jana aje nayo. Na mualike familia za mitaani, wajisemee wenyewe.