Alama za kusoma na lugha ya mtihani

Arusha

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi, nikitumaini kuwa shemeji na watoto hawajambo. Rasimu ya tasnifu yako kuhusu elimu na ukuaji wa uchumi nimeisoma mara mbili, na kinachonisumbua ni safu ya tatu ya jedwali lako, ile ya alama za wanafunzi.

Umechukua matokeo ya mwaka 2007 ya SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima ubora wa elimu, ambapo darasa la sita la Tanzania Bara lilipata wastani wa 578 katika kusoma na la Kenya 543, ukayatia kwenye mlinganyo kwa mtindo wa wachumi Hanushek na Woessmann, waliokadiria kwamba nchi inayoizidi nyingine kwa alama 100 hivi hukua kiuchumi kwa takriban pointi 2 za asilimia zaidi kila mwaka. Kwa kipimo hicho, tofauti ya alama 35 inaiahidi Tanzania karibu pointi 0.7 kila mwaka, ahadi ambayo waziri yeyote wa fedha angeipokea kwa mikono miwili. Lakini watoto wa Bara walitahiniwa kwa Kiswahili, na wa Kenya kwa Kiingereza. Ukitazama hisabati ya mwaka huohuo, ambako maneno ni machache, pengo halipo tena: Kenya 557, Tanzania 553. Je, zile 35 ni ubora wa shule au ni lugha?

Juzi mpwa wangu wa darasa la sita, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, alinisomea kwa sauti kisa kifupi cha mkulima na punda wake, bila kukwama hata neno moja. Nilipomwuliza kwa nini mkulima alicheka, alirudi kwenye mstari wa kwanza akaanza kusoma upya. Nikamsimulia kisa hichohicho kwa Kiswahili. Alicheka yeye kabla sijamaliza.

Tena mtihani hupima pia ari ya mwanafunzi, bila kuitaja. Mchumi Gneezy na wenzake waliwapa wanafunzi wa Marekani pesa muda mfupi kabla ya mtihani, wakiwaambia kuwa kila kosa lingewapunguzia, na alama zikapanda. Alama za wanafunzi wa Shanghai, waliofanyiwa vivyo hivyo, hazikubadilika.

Sikuambii uzitupe alama hizo. Ongeza safu ya lugha ya mtihani, kisha rudia hesabu kwa hisabati peke yake, na unitumie majibu kabla hujampelekea msimamizi wako.

Wako,
Saidi