Mkate wa Muhogo na Mchele: Kwa Nini Unamomonyoka

Wateja wanaochukua unga wa muhogo kwetu hapa Mtwara mara nyingi hulalamikia jambo moja: mkate umeiva, lakini kisu kikigusa tu unamomonyoka. Unga hauna kosa. Ngano ina gluteni, protini inayovutika na kushika hewa ya hamira. Muhogo na mchele havina. Ukiukanda kama wa chapati unajichosha bure. Mkate huu humiminwa, sawa na mkate wa kumimina wa mchele.

Kinachoshika badala ya gluteni ni uji na mayai. Pima gramu 250 za unga wa mchele na 150 za muhogo. Chota humo gramu 40 za mchele, koroga na mililita 200 za maji baridi, pika hadi uwe uji mzito unaoacha njia mwiko ukipita. Uache upoe mpaka kidole kivumilie, maana wa moto utaiua hamira na kuyaivisha mayai. Changanya na mayai matatu, mafuta vijiko vitatu vya chakula, sukari viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai, hamira ya chenga gramu 7, maji vuguvugu mililita 120, kisha unga uliobaki. Rojo liwe zito, lakini limiminike.

Mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta, nusu tu ya kina chake. Uumuke mara moja tu, kwa dakika 30 hadi 40. Ukingoja zaidi, mapovu yanapasuka na katikati panabonyea. Oka nyuzi 180 kwa dakika 45 hadi 50. Kwa mkaa, moto mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uwe mdogo.

Ukiwa na mchangamchanga mdomoni, unga wa mchele ulikuwa na chenga: chekecha, na uliache rojo dakika 20 kabla ya kutia hamira. Ukinata ndani, ama muhogo umezidi, ama umekatwa wa moto. Subiri upoe kabisa; wanga hukaza unapopoa. Tafadhali, usichukue unga wa makopa yaliyovundikwa. Ugali wake ni mtamu, lakini uchachu wake utaufunika mkate mzima. Chagua mweupe, wa muhogo mtamu uliomenywa na kukaushwa upesi.

Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni hudhuru utumbo wake, vumbi la ngano kwenye chekecheo au mashine linatosha kumdhuru. Soma pia pakiti ya baking powder, nyingine zina wanga wa ngano. Na kama hujapima, usiache ngano kwanza: kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni, na aliyekwisha kuacha anaweza kuambiwa hana ugonjwa kumbe anao.

Mashine yetu haisagi ngano, wala shayiri na rai, nafaka nyingine zenye gluteni. Ukileta mchele wako uoshe, uanike ukauke kabisa, tutausaga mara mbili.